Mchezaji asipofika, mhusika wake afanywe nini?

Swali: "Mimi ndiye msimulizi wa kundi la watu sita hapa Dar es Salaam. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu ambamo msimulizi huongoza hadithi na kila mchezaji huendesha mhusika wake, kwa kanuni za mwaka 2014, kila Jumamosi jioni sebuleni kwangu, na wahusika wetu wamefika ngazi ya 5. Tangu mwezi wa tatu hatujawahi kukutana wote. Mmoja ni muuguzi mwenye zamu za usiku, mmoja husafirishwa na kazi mikoani, na waliobaki kila mara wana harusi, msiba au kikao cha familia. Mwanzoni nilikuwa naahirisha, tukafika wiki tano bila kucheza. Baadaye tukaamua kucheza bila wasiokuwapo. Mwezi uliopita walikuja watatu tu. Mmoja wao akaendesha pia mhusika wa dada muuguzi, ambaye ni kasisi wa kundi, katika vita nilivyokuwa nimeviandaa kwa ajili ya wote watano, na kasisi akafa. Dada huyo alipopata habari alisema 'haina shida', lakini tangu hapo amekosa vikao vitatu. Wenzangu wawili wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Wanataka anayekosa asipewe pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, na alipe faini. Mimi naona kundi linanifia mikononi. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, barua yako ina maswali matatu yaliyosukwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu unaona kila unapovuta uzi mmoja mwingine unakaza. La kwanza ni la kalenda: watu wazima sita watapataje jioni moja. La pili ni la mezani: mhusika ambaye mwenyewe hayupo afanywe nini. La tatu ni la mtu mmoja aliyeumia, nalo halina kanuni ya kulitatua. Nitaanza na mawili ya kwanza kwa sababu yana majibu yanayoweza kuandikwa, lakini nakuomba usome hadi mwisho, kwa kuwa lile la tatu ndilo la haraka kuliko yote.

Kwanza tuondoe mezani neno ambalo wenzako hawakulitamka, ingawa linasikika nyuma ya hoja yao ya faini. Neno hilo ni utoro. Mtoro ni yule anayetakiwa mahali fulani, anaweza kwenda, na anajificha. Muuguzi aliyepangiwa zamu ana udhuru, anayezika ana udhuru, na aliyetumwa Mwanza na mwajiri wake ana udhuru. Nimesimamia meza za mchezo huu kwa miaka mingi na nimekutana na watoro wawili au watatu hivi. Wengine wote waliokosa vikao walikuwa watu wenye maisha. Ukianza kwa kudhani kwamba anayekosa hajali, kila utakachokiamua baadaye kitakuwa adhabu, na adhabu haiongezi saa katika wiki ya mtu.

Ninalotaka ulione wazi ni kwamba kiti kitupu ni jambo la hesabu kabla hakijawa jambo la tabia. Chukua kalamu na karatasi, na ikiwezekana fanya hesabu hii mbele ya wachezaji wako. Tuseme kila mmoja wa wale watano ni mtu wa kutegemewa, kiasi kwamba katika Jumamosi 100 hufika 85. Uwezekano wa wote watano kufika siku moja ni 0.85 ikizidishwa kwa yenyewe hadi zitimie tano, na jibu lake ni asilimia 44. Katika mwaka wa Jumamosi 52, kundi la watu waaminifu namna hiyo litakamilika mara 23 tu, na zaidi ya nusu ya vikao kutakuwa na pengo bila mtu yeyote kufanya kosa. Ukishusha mahudhurio ya kila mmoja hadi 80 kati ya 100, kundi linakamilika asilimia 33 tu ya vikao. Lakini badilisha swali, uulize ni mara ngapi watafika angalau watatu kati ya watano, uone hesabu inavyogeuka: kwa watu wa 85 ni asilimia 97, na kwa watu wa 80 ni asilimia 94. Hesabu hii inachukulia kwamba udhuru wa mmoja hauhusiani na wa mwingine, jambo ambalo hapa kwetu si kweli siku zote, maana harusi ya rafiki mmoja inaweza kuwaondoa watatu kwa mpigo. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwamba wiki zako tano za kuahirisha hazikusababishwa na kundi bovu. Zilisababishwa na sharti la wote kuwapo, ambalo hakuna kundi la watu wazima linaloweza kulitimiza kila wiki.

Na mchezo wenyewe haukuzaliwa na sharti hilo. Dave Arneson, mmoja wa wabunifu wawili wa mchezo huu, alipoanza kusimamia nchi yake ya kubuni ya Blackmoor huko Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwenzake Gary Gygax alipofuata na mahandaki ya Greyhawk mjini Lake Geneva, Wisconsin, wachezaji walikuwa wengi na waliingia na kutoka kadiri walivyopata nafasi. Kanuni za kwanza zilizochapishwa mwaka 1974 zilizungumzia kampeni moja, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao, yenye wachezaji wanne hadi 50, kwa kadirio la msimulizi mmoja kwa wachezaji 20. Hakuna aliyetarajia watu 20 wajazane mezani kila jioni. Walikuwa hazina ya kuchotwa, leo hawa, kesho wale. Ndiyo maana katika mwongozo wa msimulizi wa mwaka 1979 Gygax alikazia sana utunzaji wa kalenda ndani ya mchezo: kwa kuwa wahusika mbalimbali walikwenda na kurudi kwa nyakati tofauti, msimulizi alipaswa kujua nani yuko wapi na siku gani. Mtindo wetu wa leo, wa watu watano wale wale na hadithi moja ndefu inayowahitaji wote, ni mzuri na mimi mwenyewe naupenda, lakini tuliurithi bila kurithi zana za wale wazee za kuvumilia mapengo.

Sasa tuje kwenye vita vilivyomuua kasisi, kwa sababu hapo kuna jambo la kiufundi ambalo hukulisema na huenda hulijui. Katika kanuni za 2014 unazozitumia, ugumu wa pambano hupimwa kwa kulinganisha pointi za maadui na jumla ya vizingiti vya wahusika. Kwa mhusika wa ngazi ya 5, pambano gumu ni la pointi 750 na pambano la kufisha ni la pointi 1,100. Ukiwaandalia wahusika watano pambano gumu, unafika 3,750, na hapo bado uko salama. Lakini kwa wahusika watatu mstari wa kifo ni 3,300. Pambano lile lile, bila wewe kuongeza hata adui mmoja, limevuka kutoka gumu hadi la kufisha kwa sababu viti viwili vilikuwa vitupu. Utasema mlikuwa wanne, kwa kuwa kasisi alikuwapo. Kwenye karatasi, ndiyo. Mezani, mtu mwenye kazi ya kumfikiria mhusika wake hukumbuka nusu tu ya uwezo wa mhusika wa kuazima. Hajui ni dua ipi mwenzake huitunza kwa dakika ya mwisho, wala kwamba kasisi yule huwa hasogei mbele kabla ya mpiganaji. Kwa hiyo nguvu yenu usiku ule ilikuwa karibu zaidi na ya watu watatu kuliko ya wanne.

Dawa yake ni kupunguza maadui, na namna ya kupunguza ina maana kubwa. Wasimulizi wengi hukata uhai wa adui mkuu, kisha wanashangaa kwamba watu bado wanakufa. Kinachoua katika mchezo huu ni idadi ya zamu: watu watano hutenda mara tano kwa kila mzunguko, watatu hutenda mara tatu, na kama maadui bado ni sita, kila mchezaji aliyepo anapokea vipigo vilivyokuwa vigawanywe kwa watano. Toa maadui wazima. Kama ulimpanga jemadari na wasaidizi wanne, waje wasaidizi wawili. Na ikiwa aliyekosekana ndiye mponyaji, waachie waliopo chupa mbili au tatu za dawa ya kuponya, ile ya sarafu 50 za dhahabu inayorudisha uhai wa dadu mbili za pande nne na kuongeza 2. Haitachukua nafasi ya kasisi, lakini itamwinua aliyeanguka, na mara nyingi hilo ndilo linalohitajika.

Kuhusu mhusika asiye na mwenyewe, njia zinazojulikana ni nne, na mwongozo wa msimulizi wa 2014 unazitaja zote: mchezaji mwingine amwendeshe, msimulizi amwendeshe, hadithi itoe sababu ya yeye kutokuwapo, au awepo bila kuonekana, yaani wote wakubaliane kutomtaja. Nitakupa maoni yangu bila kuzunguka. Njia ya kwanza, mliyoitumia, ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa sababu inahifadhi nguvu ya kundi, nayo ndiyo yenye hatari kuliko zote. Mhusika ni kitu ambacho mtu amekikuza kwa miezi. Amemchagulia jina, kiapo, woga na maneno. Ukienda kupokea simu katikati ya karata, jirani anaweza kukushikia karata zako, na akizicheza vibaya umepoteza mkono mmoja. Mhusika hapotezwi mkono mmoja. Njia ya pili ina kasoro nyingine: wewe tayari unaendesha ulimwengu mzima, na msimulizi anayemchezea mhusika wa mchezaji atashukiwa ama anambeba ama anamtoa mhanga. Njia ya tatu, ya kumtafutia sababu, ni ya heshima kwa mhusika na huzaa visa vizuri, kwa mfano kasisi kubaki hekaluni kuuguza wagonjwa wakati dada mwenyewe yuko wodini, ila inahitaji kikao kilichopita kiwe kimeishia mahali ambapo mtu anaweza kubaki. Njia ya nne ni ya kitoto kidogo, maana mtu aliyekuwa nasi pangoni ametoweka na hakuna anayeuliza, lakini haimdhuru yeyote, na kikao kikikatishwa katikati ya mapigano ndiyo ninayoichagua.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la tatu pale inapowezekana, la nne pale isipowezekana, na la kwanza kwa idhini ya maandishi tu. Namaanisha maandishi kweli. Mwombe kila mchezaji aandike mistari mitatu nyuma ya karatasi ya mhusika wake: jambo ambalo mhusika wake hatalifanya kamwe, vitu ambavyo wengine wanaruhusiwa kuvitumia asipokuwapo, na kama anaruhusu mhusika afe yeye akiwa hayupo. Wengi wataandika hapana kwenye huo wa tatu, wachache wataandika ndiyo kwa moyo mkunjufu, na wote watakuwa wameulizwa. Mhusika ambaye mwenyewe ameandika hapana akiishiwa uhai katika vita, anazimia, anaburutwa nje, anatekwa, anapoteza upanga wake. Chagua lolote isipokuwa kifo. Ningeweka kanuni hii hata kama kundi lako halina pengo lolote leo.

Wenzako wana methali yao, na methali ni ya kweli. Asiyekuwapo na lake halipo: aliyekosa kikao cha ukoo hawezi kuja kesho yake kudai kwamba shamba lisiuzwe. Itumieni hapo hapo panapoihusu, yaani kwenye maamuzi. Kundi likiamua Jumamosi kumwachia huru mfungwa, aliyekosa hana haki ya kudai mrudi nyuma. Lakini kumnyima mtu pointi za uzoefu ni jambo jingine, kwa sababu pointi hazimlipi mchezaji pekee. Zinapima kama mhusika wake anaweza kusimama kando ya wengine. Kutoka ngazi ya 5 kwenda ya 6 kunahitaji kupanda kutoka pointi 6,500 hadi 14,000. Aliyekosa kikao kimoja kati ya vitatu, wenzake wanapofika 14,000 yeye atakuwa na 11,500, na pengo hilo litaendelea kupanuka kadiri anavyokosa. Katika baadhi ya ngazi pengo ni la kikatili: ngazi ya 5 ndipo mpiganaji anapopata pigo la pili katika zamu yake na mchawi anapofungua kundi la tatu la uchawi wake, kwa hiyo aliyebaki ya 4 anakuwa mtazamaji. Mtu aliyetoka zamu amechoka, akafika mezani na kukuta mhusika wake hana la kufanya, ataanza kuona usingizi ni bora, na nani atamlaumu?

Acheni kuhesabu pointi. Kanuni hizo hizo zinaruhusu wahusika wote kupanda ngazi pamoja hadithi inapofika hatua fulani, na kwa kundi la watu wenye udhuru huo ndio utaratibu unaofaa. Wanaofika wapewe thawabu za aina nyingine, zile zisizomlemaza asiyefika: wao ndio watakaoijua siri, ndio watakaochagua njia, ndio watakaolipatia jina daraja walilolijenga.

Faini naipinga kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Baadhi ya vituo hivyo viliwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao, na ucheleweshaji ukaongezeka badala ya kupungua. Faini ilipoondolewa, haukurudi ulipokuwa. Kabla ya faini mzazi alimwonea haya mwalimu anayemsubiri. Baada ya faini alihesabu kwamba amelipia. Nawe ukimtoza rafiki yako shilingi elfu tano kwa kukosa Jumamosi, unamfundisha kwamba Jumamosi yako ina bei na kwamba akiilipa hamdaiani tena. Ile haya aliyokuwa nayo ya kukuangusha, ambayo ilikuwa rasilimali yako kubwa kuliko dadu zote ulizonunua, umeiuza kwa shilingi elfu tano.

Badala ya faini weka akidi. Neno hili tunalijua kutoka kwenye mikutano, na linafaa hapa kuliko neno lolote: wakifika wachezaji watatu, tunacheza, wakiwa pungufu, hatuendelezi kisa kikuu. Tangazeni mapema kwamba kila mmoja athibitishe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya Jumatano usiku, ili upate siku tatu za kupunguza maadui na kumtafutia mhusika asiyekuwapo sababu ya kubaki nyuma. Anayejua zamu zake za mwezi mzima aziweke zote kwa mara moja. Usimlazimishe kuomba radhi kila wiki kwa jambo ambalo msimamizi wake wa wodi amekwisha kulipanga. Msiba wa Ijumaa usiku hauhitaji uthibitisho wala maelezo. Wakifika wawili tu, msiwarudishe nyumbani. Chezeni kisa cha pembeni cha wahusika hao wawili, usiku mmoja wa zamani kabla hawajakutana na wengine, au mchezo mwingine mfupi kabisa. Nimeona vikao vya watu wawili vikifichua mambo ya wahusika ambayo hayangetokea watano wakiwapo, kwa sababu mpole wa kundi hatimaye alipata nafasi ya kusema.

Kisha jenga hadithi yako upya kidogo ili ivumilie mapengo. Msimulizi wa Marekani Ben Robbins aliwahi kusimamia kampeni aliyoiita West Marches na kuieleza kwa maandishi mwaka 2007: wachezaji wapatao kumi hadi 14, hakuna siku maalumu, hakuna kundi maalumu. Wachezaji wenyewe walipanga nani aende wapi na lini, kila safari ilianzia mji mmoja ulio salama, na pori lote la kuchunguza lilikuwa nje ya mji huo. Huna haja ya kuiga yote. Kwa watu watano wenye hadithi wanayoipenda, mfumo mzima wa namna hiyo ungewanyang'anya hadithi yenyewe. Chukua sehemu moja tu, ile ya kuanza na kumaliza mahali salama. Panga kila kikao kiwe safari inayoweza kuisha usiku ule ule, na nusu saa kabla ya kufunga waambie wazi kwamba muda wa kurudi kambini umefika. Utapoteza ule utamu wa kukatisha kisa adui akiwa ameinua shoka, na najua ulivyo mtamu. Lakini kila unapokatisha hapo unawafunga watu wale wale watano kuwapo wiki ijayo, na tumekwisha kuona kwamba hilo hutokea chini ya nusu ya wakati.

Nikiri pia kwamba njia hii ina gharama. Visa vifupi hufanya adui mkuu aonekane yuko mbali, na mchezaji anayehudhuria kila wiki anaweza kuhisi kwamba hadithi yake inasubiri wengine. Mpe huyo kazi ya kuwaeleza waliokosa. Mwombe arekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu kila Jumapili, kwa mdomo wa mhusika wake na kwa upendeleo wake wote. Muhtasari wa msimulizi husomwa kama taarifa ya ofisi, lakini sauti ya mwenzao ikilalamika jinsi alivyozama mtoni huwafanya waliokosa watamani kuja.

Wengi huniuliza kuhusu mtu kuunganishwa kwa simu ya video. Jibu langu ni kwamba hufanya kazi vizuri wote wanapokuwa mtandaoni, na hufanya kazi vibaya mmoja anapokuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye thermos na wengine wako sebuleni wanaongea kwa pamoja. Yule aliye mikoani anasikia vicheko bila kusikia kilichochekesha. Kama anataka sana, fanyeni kikao kimoja kwa mwezi ambacho kila mtu anakaa kwake na simu yake. Vinginevyo mhusika wake abaki mjini.

Yote niliyoyasema yanamhusu mwenye udhuru. Yupo mtu wa aina nyingine, ambaye si mtoro wala hana udhuru: ni yule anayeondoka polepole. Huanza kujibu kwa neno moja, huacha kusoma ujumbe, sababu zake zinakuwa nyepesi kila wiki. Mara nyingi kuna kitu mezani kilichomuumiza au kumchosha, na hawezi kukisema mbele ya watu sita. Mara nyingine mchezo hauhusiki kabisa. Ukimwona rafiki anajitenga na kila jambo, pamoja na kazi, ibada, ndugu na chakula, halali au analala mchana kutwa, au anazungumza kana kwamba hana haja ya kuendelea kuishi, weka dadu kando kabisa. Mfuate alipo, kaa naye, washirikishe watu wake wa karibu, na umsindikize hospitali au kwa mtaalamu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo kama maneno yake yanatisha. Hilo halimalizwi kwa ujumbe wa simu, na msimulizi wa mchezo hana mafunzo ya kulibeba peke yake.

Kwa mambo madogo kuliko hayo, lakini yanayokushinda, kwa mfano wawili wasiopatana au mchezaji anayetawala meza, mwombe msimulizi mwingine mwenye uzoefu aje akae kimya pembeni kwa kikao kimoja na akuambie alichokiona. Barua kama hii yangu haiwezi kuona nyuso.

Nimebaki na dada muuguzi. Sijui kama vikao vitatu alivyokosa vilikuwa vya zamu au vya maumivu, nawe hujui, na ndiyo sababu unapaswa kumuuliza yeye badala yangu. Neno lake la "haina shida" nalisikia kama la mtu asiyetaka kuwa mzigo. Fikiria alivyoipata habari: alikuwa kazini akiuguza watu, na mezani kwenu yule mponyaji aliyembuni yeye alikuwa anakufa kwa uamuzi ambao si wake. Na kwa kuwa katika ngazi yenu kwa kawaida kasisi ndiye mwenye dua ya kuhuisha, ile inayotakiwa kusomwa kabla dakika moja haijapita tangu mtu afe, hapakuwa na yeyote wa kumwinua.

Kanuni zinakupa mlango. Iko dua ya kufufua iliyo kubwa kuliko hiyo, inayofanya kazi hadi siku kumi baada ya kifo, inahitaji almasi ya thamani ya sarafu 500 za dhahabu na kasisi wa ngazi ya 9, ambaye kundi lenu halina lakini mji wowote mkubwa unaweza kuwa naye. Angalia kalenda ya mchezo: vikao vitatu kwenu huenda ni siku mbili tu kwa wahusika. Lakini usimfufue kimyakimya ukamtumia habari njema. Kifo kiliamuliwa bila yeye, na kurudi kukiamuliwa bila yeye litakuwa kosa lile lile limerudiwa. Huenda anataka kasisi arudi, huenda anataka mlifute lile pambano kana kwamba halikutokea, na kwa maoni yangu ana haki hiyo. Huenda anataka amwache alale na aanze na mtu mpya. Huenda hataki tena kucheza, na hilo nalo ni jibu.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi hii, kabla ya akidi na kabla ya mistari mitatu, muulize zamu yake inaisha saa ngapi na uende ukamwone, peke yako, si kwa simu na si mbele ya kundi. Mwambie kwamba wewe ndiye uliyeruhusu mhusika wake achezwe bila kumuuliza, na kwamba vita vilikuwa vizito kupita walivyoweza waliokuwapo. Usimtaje mchezaji aliyeendesha, kwa sababu kosa halikuwa lake. Mpelekee karatasi ya kasisi wake, umkabidhi mkononi, kisha umuulize anataka nini.